Siku ekuteri zilipokataa kuungana

Leo ni zamu yangu. Wenzangu wameshaandika kuhusu shule, kuhusu kungoja majibu ya safari, kuhusu mpira wa vijana. Mimi nitaandika kuhusu ekuteri. Najua kuna watakaocheka. Chekeni tu, lakini msome mpaka mwisho, maana kuna kosa nililifanya mwezi wa nane na bado linanikaa moyoni, na nafikiri wengi wetu tunaweza kulifanya bila kujua.

Kwa wasiojua, ekuteri ni zile spika ndogo za kuvaa masikioni. Sisi tuliotoka Kongo neno hilo tumelitoa kwenye Kifaransa. Wenzetu waliosoma Kenya au Tanzania wanasema iafoni. Zangu ni zile zisizo na waya, mbili ndani ya kiboksi kidogo cheupe, zinaongea na telefoni kwa Bluetooth. Nilizinunua Mbarara kwa shilingi 30,000 za Uganda, pesa niliyoweka kidogo kidogo kutoka ile tunayopewa wajitoleaji. Nilizitaka kwa ajili ya masomo ya Kiingereza ya kusikiliza, kwa sababu nyumbani tuko saba kwenye vyumba viwili, na kusikiliza somo pale ni sawa na kusoma katikati ya soko.

Ninaishi hapa Nakivale, wilaya ya Isingiro. Kambi hii ni ya zamani, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na leo ukitembea saa moja tu unasikia Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kinyankole. Mimi ninajitolea kama mkalimani kwenye kituo cha afya. Mgonjwa anaongea Kiswahili chetu, mimi ninamgeuzia muuguzi kwa Kiingereza, halafu ninarudisha jibu. Kabla ya kuanza tulifundishwa siku tatu, na kitu kilichorudiwa kila siku kilikuwa kimoja: unachosikia chumbani kinabaki chumbani. Hata mama yako akikuuliza, hujui. Niliweka sahihi kwenye karatasi. Nilijiona mtu wa kutunza siri kabisa.

Sasa kuna mama jirani yetu. Jina lake halitaandikwa hapa. Nimemuomba ruhusa kabla ya kuandika, akasema, "Andika, ila usitaje jina langu wala maneno ya dada yangu." Kwa hiyo nitamwita Mama tu. Anaishi na mkwe wake na wajukuu watatu. Ukuta wa nyumba yake na ukuta wetu vinaachana hatua nne hivi, na ukuta wenyewe ni wa udongo, sehemu nyingine umezibwa na shitingi. Mtu akikohoa kwake, kwetu tunamwambia pole.

Mama hajui kusoma. Kwa hiyo habari zote zinamfikia kwa odio, yaani ujumbe wa sauti. Mimi na wewe tukitaka kusoma ujumbe wa siri tunainamisha telefoni kidogo, imekwisha. Mtu asiyesoma hana namna hiyo. Kila kinachomfikia kinatoka kwa sauti, na sauti haichagui masikio.

Mtu atasema, si aweke telefoni sikioni kama anapiga simu, odio itatoka kwenye spika ndogo ya juu? Ni kweli, kwenye WhatsApp ukibonyeza odio ukapeleka telefoni sikioni, sauti inahamia kule juu na mtu wa pembeni hasikii. Lakini telefoni ya Mama iliwahi kuanguka kwenye beseni la maji. Tuliikausha, ikarudi, ila ile spika ya juu ilikufa. Ilibaki spika kubwa ya chini peke yake. Na tundu la kuchomeka ekuteri za waya, mjukuu mdogo alishaingiza kijiti kikakatikia mle ndani. Imebaki njia moja tu, Bluetooth.

Wiki moja kabla, Mama aliniomba ekuteri asikilize nyimbo za kwaya. Niliziunga na telefoni yake, zikakubali mara moja, akasikiliza akicheka peke yake kama msichana. Nilifurahi. Nikajiona fundi.

Halafu ikaja siku ya Alhamisi. Mama alikuwa kwenye kibanda cha kuchaji telefoni, watu wamejaa, odio ikaingia kutoka kwa dada yake aliyebaki Uvira. Dakika 4 na kitu. Dada yake kwa kawaida anatuma odio fupi za salamu. Mama akabonyeza pale pale, na kitu cha kwanza kusikika kilikuwa, "Dada, kaa chini kwanza." Hilo neno ameniruhusu nilitaje. Akazima haraka. Watu wa kibandani wote wakamtazama. Ninyi mnajua, kwetu mtu hakuambii ukae chini kwa ajili ya habari za harusi.

Mama alitembea na ile odio siku mbili bila kuisikiliza. Mchana nyumba imejaa watoto. Usiku wanalala wote chumba kimoja. Kwenda porini na telefoni usiku, mwanamke peke yake, hapana. Jumamosi jioni akaja kwetu, akaniita pembeni. "Mwanangu, niletee vile vidude vya masikio. Nataka kusikia maneno ya dada yangu, mimi peke yangu."

Nikasema, "Ndiyo Mama, dakika moja tu."

Hiyo dakika moja ndiyo ninayoandika leo.

Nilichukua kiboksi, nikaenda kwake. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, wajukuu wanachambua maharage mlangoni. Nikawasha Bluetooth kwenye telefoni yake, nikaona jina la ekuteri zangu limeandikwa pale kwenye orodha. Nikasema moyoni, sawa, zinajuana. Nikamvalisha masikioni mwenyewe. Halafu, ndugu zangu, nikafanya kile nilichofanya. Badala ya kujaribu kwanza na wimbo, nilifungua moja kwa moja ile odio ya dada yake nikabonyeza.

Sauti ikatoka kwenye spika ya telefoni. Kubwa kabisa. Nyumba nzima.

Sijui ilikuwa sekunde tano au sita. Vidole vyangu viliganda, nikabonyeza pasipo, nikaongeza sauti badala ya kuzima. Ilipozimika, yule mjukuu mkubwa, msichana wa kama miaka 12, alikuwa ameacha maharage. Akasema, "Bibi, huyo si bibi wa Uvira? Mbona analia?"

Mama akamjibu, "Ni kwaya hiyo. Chambua maharage."

Sitaandika yaliyosikika. Ninaweza kusema tu kwamba mimi, niliyeweka sahihi kwenye karatasi ya siri, niliitoa siri ya mama mzima mbele ya wajukuu wake, halafu yeye ndiye akalazimika kudanganya ili kunisitiri mimi. Kituo cha afya ningefanya hivyo wangeniondoa siku hiyo hiyo, na wangekuwa na haki.

Nikaomba msamaha. Akasema tu, "Endelea, zitengeneze." Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na yangu pia.

Tukatoka nje, tukaenda nyuma ya nyumba. Nikaanza kuhangaika. Nikazima Bluetooth nikawasha. Nikazima telefoni nzima nikaiwasha tena. Nikabonyeza jina la ekuteri, ikaandika kwamba imeshindwa kuunga. Nikazitoa, nikazirudisha kwenye kiboksi, nikazitoa tena. Nikafikiri labda ni vumbi, maana kiangazi cha huku vumbi jekundu linaingia hata kwenye mkate. Nikafuta na pindo la shati. Hakuna. Nikapandwa na hasira na watu wa viwanda huko mbali wanaotuuzia vitu vya ovyo, na hasira na yule aliyeniuzia Mbarara. Nilikuwa karibu kumwambia Mama, samahani, zimekufa.

Nikamvalisha mara ya mwisho. Akatulia. Akainua kidole. Akasema, "Mwanangu, mbona humu ndani kuna mtu anatangaza mpira?"

Nikamuuliza, "Mpira gani?"

"Mpira. Anasema kona, kona."

Na wakati ule ule, ng'ambo ya ukuta wetu, nikamsikia mdogo wangu analalamika na kupigapiga telefoni yake, "Hii telefoni imekuwa bubu! Picha iko, sauti hakuna!"

Kumbe. Mdogo wangu usiku uliopita alichukua ekuteri zangu bila kuniomba, akaangalia mpira chini ya blanketi, akazirudisha asubuhi kimya kimya. Telefoni yake ilikuwa hatua chache tu kutoka pale, Bluetooth imewashwa. Kila nilipofungua kiboksi, ekuteri zilikuwa zinakimbilia kwake. Hazikuwa zimekufa. Zilikuwa kazini, ila kazini kwa mtu mwingine.

Nilikimbia kwetu, nikazima Bluetooth ya mdogo wangu, nikarudi, nikabonyeza jina kwenye telefoni ya Mama. Sekunde mbili, zikaunga. Safari hii nilichagua wimbo wa kwaya, nikamwomba aniambie kama anasikia. Akatikisa kichwa, ndiyo, masikio yote mawili. Nikamwonyesha pa kubonyeza odio. Nikaondoka.

Alikwenda kuketi juu ya dumu la maji chini ya mti, kagongo kake kando, akitupa mgongo. Mimi nilikaa mlangoni kwake na wale watoto, nikawasaidia maharage, ili wasimfuate. Dakika 4 ni nyingi sana ukizihesabu. Alisikiliza zaidi ya mara moja, nadhani, kwa sababu alikaa mpaka jua likagusa vilima. Aliporudi, ekuteri zilikuwa zimefutwa na kitenge chake na kurudishwa vizuri ndani ya kiboksi. Akanipa kwa mikono miwili. "Asante, mwanangu. Sasa nimejua." Ni hayo tu. Siku ya pili aliwakalisha wajukuu chini akawaambia mwenyewe, kwa maneno aliyoyachagua yeye. Mimi sijui ni nini mpaka leo, na sijauliza.

Sasa, nilipotulia niliketi na mdogo wangu tukachunguza hivi vitu vizuri, maana sikutaka irudie. Nawapa tuliyoyajua, kwa mpangilio ambao mimi ninaufuata sasa. Hauna pesa ndani yake, ni subira tu.

Kwanza, zima spika ya aibu. Kabla ya kujaribu chochote, punguza sauti ya telefoni mpaka chini kabisa, halafu jaribu na wimbo au na kitu ambacho hata mchungaji na polisi wakikisikia hakuna neno. Usijaribu kamwe na ujumbe wa mtu. Hili nimeliweka la kwanza, ingawa mafundi hawalisemi.

Pili, elewa tofauti ya kujuana na kuongea. Jina likiwa kwenye orodha ya telefoni, maana yake ni kwamba ekuteri na telefoni ziliwahi kuoanishwa, zinajuana. Si lazima ziwe zimeunganishwa sasa hivi. Mimi na jirani wa Rubondo tunajuana, lakini sasa hivi hatuongei. Angalia chini ya jina kama pameandikwa kwamba imeunganishwa. Kama hapana, sauti itatoka nje. Mimi ndipo nilipoangukia.

Tatu, uliza nani alizitumia mara ya mwisho. Ekuteri nyingi ukizitoa kwenye kiboksi zinatafuta kwanza telefoni iliyozitumia mwisho. Ikiwa karibu na Bluetooth yake imewashwa, zinaingia huko bila kukuuliza. Kwa wenye nyumba kubwa hili si tatizo, telefoni ya jirani iko mbali. Kwetu sisi, Bluetooth ya kawaida inafika kama mita 10, na ndani ya mita 10 hapa kuna familia tatu. Udongo na shitingi haviizuii sana. Kwa hiyo kabla ya kulaumu kiwanda, laumu mdogo wako. Zima Bluetooth ya ile telefoni nyingine, au nenda mbali nayo.

Nne, moto. Yaani chaji. Kuna betri tatu pale: ya ekuteri ya kulia, ya kushoto, na ya kiboksi chenyewe. Kiboksi kikiisha moto, ekuteri hazichaji hata zikilala humo usiku kucha, na nyingine hazijui kwamba zimetolewa, kwa hiyo haziwaki. Telefoni nayo ikiwa karibu kuzima na iko kwenye hali ya kubana betri, inaweza kukusumbua.

Tano, uchafu. Angalia vile vidoti vya chuma kwenye ekuteri na ndani ya kiboksi. Nta ya masikio na vumbi vikikaa pale, chaji haipiti, unakuta moja inalia na nyingine bubu. Futa na pamba kavu au kitambaa safi kikavu. Kama una spiriti, tia kidogo sana kwenye pamba, siyo kwenye ekuteri, uache ikauke. Usichokonoe na sindano, na usioshe na maji. Na kama mnaazimana kama sisi, kuzifuta ni lazima kila mara, maana magonjwa ya masikio nayaona pale kituoni kila wiki.

Sita, zima uwashe. Bluetooth kwanza, halafu telefoni nzima. Hakikisha telefoni haiko kwenye hali ya ndegeni. Msicheke, nimekuta watu wawili hivyo.

Saba, kama bado zinakataa, futeni urafiki wa zamani. Kwenye orodha ya Bluetooth bonyeza alama iliyo pembeni ya jina, utaona neno la kusahau kifaa. Kwenye telefoni ya Kifaransa ni "Oublier". Bonyeza. Fanya hivyo pia kwenye telefoni nyingine zilizowahi kuzitumia. Halafu rudisha ekuteri zote mbili kwenye kiboksi, na ushikilie kitufe mpaka taa ianze kuwaka na kuzima haraka. Kuna ambazo kitufe kiko kwenye kiboksi, nyingine unagusa ekuteri zenyewe. Muda wa kushikilia unatofautiana, kwa zangu ni kama sekunde 10. Taa ikicheza hivyo, maana yake zinasema: niko tayari, nani ananitafuta? Hapo ndipo utafute kifaa kipya kwenye telefoni. Dawa hii ndiyo inatibu pia zile ambazo sikio moja tu linafanya kazi kwa sababu kulia na kushoto zimepotezana.

Nane, bonyeza jina unalolijua tu. Vitu hivi vya bei ndogo vinafanana majina, herufi mbili na namba. Kijana mmoja wa mtaa wetu alibonyeza jina alilodhani ni lake, kumbe ni spika ya kinyozi. Odio ya mpenzi wake ilisikilizwa na wateja wote pamoja na mtu aliyekuwa nusu amenyolewa. Yeye anacheka sasa. Yule msichana hacheki. Kama majina ni mengi, toka uende uwanjani, utafute kutokea huko.

Tisa, zikiunga lakini sauti bado inatoka kwenye telefoni, ingia kwenye ile alama ya pembeni ya jina, uone kama sehemu ya sauti ya muziki na sehemu ya simu zote zimewashwa. Wakati mwingine moja imezimwa.

Baada ya hayo yote zikikataa, basi hapo ndipo unaweza kusema zimekufa. Mimi nilitaka kuzizika kabla ya kufika la tatu.

Nilisoma pia kwamba jina Bluetooth limetoka kwa mfalme wa zamani wa Denmark, Harald, aliyesifiwa kwa kuwaunganisha watu waliokuwa mbalimbali, na ile alama yake ni herufi mbili za maandishi ya kale ya huko, H na B. Nilimwambia mdogo wangu. Akasema, "Basi mfalme alipenda mpira, ndiyo maana alikuja kwangu."

Siku nilipofuta jina la ekuteri kwenye telefoni yake, alinitania neno lingine. Aliona ile "sahau" akasema, "Kaka, hata sisi ingekuwa hivi. Unabonyeza sahau, unaanza upya na nchi mpya bila shida." Tulicheka. Lakini usiku nililifikiria, kwa sababu kuna watu wema kabisa wameshaniambia maneno hayo kwa uzito: sahau ya nyuma, anza maisha. Hapana. Ekuteri kama zangu zinaweza kuwa na telefoni moja kwa wakati mmoja, basi. Mama jirani ana wajukuu hapa Nakivale na dada Uvira, na anahitaji kuwasikia wote. Mimi vilevile. Hakuna kitufe ninachokitafuta cha kumsahau mtu. Ninachokitafuta ni mahali pa kumsikiliza.

Na hapo ndipo nataka kusema na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika. Siku hizi mnatupigia simu kwa mambo mengi. Mnauliza habari za nyumbani, afya, mwanamke kama yuko salama, mtoto kama anapigwa. Mnatuma odio kwa wasiosoma, na mnafanya vizuri kuwafikiria. Lakini kumbukeni spika. Mnapoongea na mama wa kwetu, mara nyingi mnaongea na nyumba nzima, na labda na yule mnayemuulizia habari zake. Naomba mwanze na swali moja: "Uko mahali unapoweza kusikiliza peke yako?" Akisema hapana, msimsukume. Panga saa nyingine. Na msianze odio na lile neno zito. Anzeni na salamu, mseme ni odio ya kusikiliza ukiwa peke yako, ili aweze kuizima kabla haijafika kwenye uchungu. Kwenye kikao chetu cha wakalimani nimelisema hili, na nimekiri kosa langu mbele ya wenzangu. Tumekubaliana liwe sehemu ya namna tunavyofanya kazi.

Kwa vijana wenzangu: watu wazima wanatuletea telefoni zao kwa sababu sisi ndio tunaozijua. Wanatupa mkononi picha zao, pesa zao, sauti za ndugu zao. Tunaona ni kazi ndogo, bonyeza hapa, bonyeza pale, lete inayofuata. Lakini mtu anapokupa telefoni yake ameshakupa ufunguo wa nyumba. Muulize kabla hujafungua chochote. Kitu cha kusikilizwa, mwache abonyeze mwenyewe. Ukimaliza, sogea pembeni.

Ekuteri zangu bado ziko. Ya kushoto inaisha moto mapema, lakini inafanya kazi. Kiboksi kinakaa juu ya rafu, si mfukoni mwangu tena, kwa sababu wamekuja wengine baada ya Mama: baba mmoja anayesikiliza odio za mke wake aliye mbali, na binti anayesoma Kiingereza kama mimi. Tuna sheria tatu. Omba kwanza. Futa ukimaliza. Na mdogo wangu azime Bluetooth.

Juzi Mama alikuja tena. Aliziunga mwenyewe, hakuniita. Alichagua wimbo wa kwaya kwanza, akasubiri, akatikisa kichwa, ndipo akafungua odio. Kisha akatoka na dumu lake, akaenda kuketi chini ya mti.

Ndugu yenu, mkalimani wa kujitolea, Nakivale.